Makopo Mawili ya Udongo

Mchicha wa upande wa kushoto ulianza kufa wiki ya pili ya mwezi wa saba, na aliyeona kwanza ni Ghada. Majani yalikauka pembeni kama karatasi iliyopitishwa kwenye moto, yakajikunja, kisha shina zima likalala. Mnanaa ukafuata. Mrehani wa ukutani, ambao mama mkwe wake aliuchuma kila Ijumaa, ukabaki vijiti. Upande wa kulia, hatua nne tu kutoka pale, mchicha wa Mama Caroline ulisimama mnene, kijani mpaka unaelekea weusi.

Ua wenyewe haukuwa mkubwa. Nyumba ile ilikuwa moja ya nyumba chache za zamani zilizobaki nyuma ya Mtaa wa Msimbazi, imebanwa na maghorofa pande tatu, na jua liliingia uani saa nne likatoka saa nane. Vyumba vya mbele alikaa mwenye nyumba, Bi Fakhriya, pamoja na mwanawe Mazin aliyeuza mapazia Kariakoo, na Ghada, mke wa Mazin. Chumba cha nyuma alipanga Euphrasia, mwanamke wa Rombo ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Caroline kwa jina la bintiye. Alikuwa na miaka tisa katika chumba kile. Asubuhi alipika chapati na maharage uani, akaenda kuuza kona ya mtaa kwa wapagazi na wenye maduka. Katikati ya ua palikuwa na njia ya matofali. Tuta la kushoto, lililopakana na bafu, lilikuwa la familia. La kulia lilikuwa la mpangaji. Ghada na Mama Caroline walilima pamoja, wakapeana mbegu, wakamwagiliana matuta pale mmoja aliposafiri.

Ghada hakuwa msemaji. Wageni wakija alijibu salamu akarudi jikoni. Lakini siku ile, akiwa amesimama na mche uliokufa mkononi, alisema sentensi moja.

"Labda ni ile mbolea mpya ya Mama Caroline."

Bi Fakhriya alikuwa kwenye kiti chake mlangoni, anavuta tasbihi. Mkono wake ukasimama.

"Mbolea gani?"

"Kaleta magunia mawili kutoka kwa binamu yake, Kigamboni. Akatupa na sisi kidogo."

"Huyo binamu anafuga nini?"

"Kuku, nadhani."

"Unadhani," alisema Bi Fakhriya. Akaitazama njia ya matofali, kisha mchicha wa kulia, kisha wa kushoto. "Kwake umestawi. Kwetu umekufa. Mbolea moja hiyo?"

Ghada alitaka kusema kitu kingine, hata hakujua kitu gani, lakini mama mkwe alikwisha kurudi kwenye tasbihi yake.

*

Neno lilitoka nje bila mtu kulitamka. Hakuna aliyesema nguruwe. Walisema "yule mnyama", au walisema "mbolea ya Kigamboni" wakanyamaza kidogo. Bi Fakhriya alimwambia jirani mmoja tu, kwa siri, Mzee Idrisa aliyekaa kijiweni penye kahawa, naye alikuwa mtu wa heshima asiyesambaza maneno. Siku ya tatu Mzee Idrisa, aliyekula chapati mbili za Mama Caroline kila asubuhi kwa miaka sita, alimwambia tumbo halimkai sawa. Siku ya nne matumbo ya wapagazi nayo yakaanza kusumbua.

Mama Caroline alirudi saa tano mchana na sufuria ya maharage nusu nzima. Aliiweka chini uani, akafuta jasho kwa kanga.

"Leo watu wamefunga?" alimuuliza Ghada. "Mbona Ramadhani imekwisha zamani?"

"Labda joto," alisema Ghada.

"Joto la mwezi wa saba?" Mama Caroline alicheka, lakini macho yake yalibaki usoni kwa Ghada. "Mdogo wangu, hata wewe jana hukuchukua chapati. Nilikuwekea kama kawaida. Nimeikuta na sisimizi."

Ghada aliinamia ndoo akasuuza kikombe kilichokwisha kusuuzwa. Kweli hakuichukua. Aliiangalia, akafikiria mikono iliyoshika mbolea ile ndiyo iliyokanda unga ule, akaiacha. Hakuwa na hakika na jambo lolote, na kutokuwa na hakika kulitosha kumfunga mkono.

*

Duka la pembejeo la Beno lilikuwa jembamba kama korido, mbegu upande mmoja na dawa upande mwingine, nyuma kidogo ya soko. Ghada alisimama pembeni mpaka wateja wawili walipoondoka.

"Sista, mambo?"

"Poa," alijibu kwa sauti ndogo. "Nataka kujua kama udongo umetiwa kitu."

"Kitu gani?"

"Kitu kibaya."

Beno aliweka chini simu yake. Alikuwa kijana wa Kichaga mwenye kalamu sikioni, na Ghada alijuta kidogo kuja kwake, maana alifikiri huyu naye atamtetea Mchaga mwenzake, Mama Caroline. Lakini Beno hakuuliza ni nani anashukiwa. Aliuliza majani yalianza kukauka wapi, kwenye ncha au katikati.

"Kwenye ncha. Pembeni."

"Na sehemu nyingine ya ua?"

"Nyingine nzima. Ya jirani."

"Usinunue dawa, basi. Watakuja kukuuzia dawa hapa na utanunua, lakini usinunue. Pima kwanza, nyumbani, kwa vitu vya jikoni." Akachomoa kipande cha boksi, akaandika kwa herufi kubwa, maana aliona Ghada anasoma polepole, akifuatisha kwa kidole. "Chimba urefu wa kidole chako cha kati, usichote wa juu. Chukua sehemu tatu za kila tuta, uchanganye. Moja, kwa kila tuta jaza chupa robo udongo, robo tatu maji, tikisa, acha mpaka kesho. Utaona mchanga chini, mfinyanzi juu. Zikifanana, udongo wenu ni mmoja. Mbili, udongo mkavu uumwagie siki. Ukitoa povu una chokaa nyingi. Tatu, makopo mawili, udongo huu na huu, panda maharage matano kila kopo. Nne, changanya udongo na maji ya chupa ya kunywa, uache utulie, chuja kwa kitambaa safi, yale maji yachemshe mpaka yakauke. Kitakachobaki kwenye sufuria niletee."

"Na mbolea?" aliuliza Ghada. "Unaweza kujua ni ya mnyama gani?"

Beno alielewa swali lilikotoka. Habari za chapati zilikwisha kufika sokoni.

"Mbolea mbichi inaunguza, iwe ya kuku, ya ng'ombe, ya yeyote yule," alisema. "Ila haichagui dini ya mchicha."

*

Aliupima udongo saa saba mchana, Bi Fakhriya akiwa amelala na Mama Caroline akiwa kona. Alichota kwanza tuta lao. Alipovuka njia ya matofali na kuingiza mwiko katika tuta la kulia, alisikia geti.

"Unatafuta nini kwenye tuta langu, mdogo wangu?"

Mama Caroline alisimama na sufuria kichwani. Siku ile sufuria haikuwa nusu. Ilikuwa imejaa.

"Napima," alisema Ghada.

"Unapima nini?"

"Udongo. Wetu na wako. Kuna mtu wa sokoni kanielekeza."

Mama Caroline alishusha sufuria taratibu. Hakuonekana mwenye hasira. Alionekana kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu akakiweka chini.

"Kwa hiyo ni kweli. Caroline karudi kutoka shule jana analia, nikamwambia watoto wanamtania. Ni kweli, na limetokea humu humu ndani." Akafunua sufuria. "Ukimaliza udongo uje upime na maharage yangu. Anza sasa yakiwa ya moto."

"Mama Caroline, mimi sikusema..."

"Ulisema nini?"

Ghada aliitazama sentensi yake akashindwa kuitoa.

"Chukua udongo wako," alisema Mama Caroline. "Chukua mwingi. Uliobaki nitaumwagilia."

Makopo yalikuwa ya maziwa ya unga. Ghada aliandika kwa mkaa, S kwa sisi, E kwa Euphrasia, akayaweka juu ya ukuta wa jiko. Chupa mbili akazipanga chini yake. Kila aliyepita uani aliyaona, na Mama Caroline alipita mara kumi kwa siku.

*

Jioni ya Jumapili Mazin alibisha mlango wa chumba cha nyuma. Ghada alikuwa jikoni anakuna nazi na ukuta ulikuwa mwembamba.

"Shikamoo, Mama Caroline."

"Marahaba. Karibu."

"Nimesimama tu. Ni hivi... mama anahitaji chumba."

"Chumba hiki?"

"Kuna ndugu yetu anatoka Zanzibar."

Hakukuwa na ndugu anayetoka Zanzibar, na wote watatu walijua, yule wa jikoni akiwemo.

"Caroline ana mtihani wa darasa la saba mwezi wa tisa," alisema Mama Caroline. "Zimebaki wiki sita. Shule iko hapo nyuma, anakwenda kwa miguu. Nipe mpaka mtihani uishe, Mazin. Nilikuja hapa wewe huna hata ndevu."

"Mimi ningekubali. Mwenye nyumba ni mama."

"Sema basi, unanitoa kwa sababu ya mbolea."

"Hapana, kwani nani kasema mbolea?"

"Hakuna aliyesema. Ndiyo maana sina wa kumjibu."

Usiku, mezani, Ghada alimuuliza mume wake kwa nini hakungoja makopo. Mazin alimega mkate akasema mtu hawezi kuendesha nyumba kwa makopo. Bi Fakhriya alikula kidogo sana siku hizo, na aliondoka mezani mapema akishikilia ukuta.

*

Siku ya saba maharage ya kopo la E yalikuwa yametoka yote matano, vichwa vimeinama kama watu wanaovaa shati. Kwenye kopo la S hakukutoka kitu. Ghada alifukua kwa kijiti. Maharage yalikuwa yamevimba, yakalainika, yakaoza mle mle.

Zile chupa zilikuwa sawa, mchanga mwingi chini na utando mwembamba wa mfinyanzi juu, huku na huku. Siki haikutoa povu. Udongo ulikuwa mmoja, basi, ila kuna kitu kilichoingia upande mmoja. Alichemsha maji yaliyochujwa. Ya E yalikauka yakaacha vumbi kidogo la rangi ya chai. Ya S yaliacha ukoko mweupe uliong'ang'ania sufuria mpaka akaukwangua kwa kisu.

Akaufunga ukoko ule kwenye karatasi akaupeleka kwa Beno. Beno aliutazama, akaunusa, akausagasaga kati ya vidole viwili. Halafu, kabla Ghada hajamzuia, akagusisha ulimi.

"Chumvi," alisema.

"Chumvi ya mbolea?"

"Chumvi ya mboga. Ya mawe, ile ya kununua kwa kopo. Hakuna mnyama anayetoa hivi, sista. Hiki kiasi ni cha mtu anayemwaga kila siku, tena kwa wiki nyingi." Akafuta ulimi kwa mgongo wa mkono. "Nani kwenu anamwaga maji ya chumvi?"

Ghada alirudi na swali lile akapita kijiweni bila kusalimia. Na jibu lililomjia kwanza lilikuwa lile lile la zamani: Mama Caroline. Ana sufuria kubwa, ana mfuko wa chumvi chini ya meza, anaamka kabla ya kila mtu. Mbolea hapana, lakini chumvi je? Mtu anaweza kuua mchicha wa mwenzake ili wake pekee usifiwe. Ghada aliona aibu kuwaza hivyo, na aliendelea kuwaza hivyo mpaka akalala.

*

Alhamisi alisali alfajiri haraka, akasimama nyuma ya dirisha la jiko kabla mwanga haujaingia vizuri. Mama Caroline alitoka, akawasha jiko la mkaa, akakanda unga. Maji ya kunawia mikono aliyamwaga kwenye shimo la bafu. Hakugusa tuta.

Halafu mlango wa bafu ukafunguka. Bi Fakhriya alitoka na karai. Aliliinamisha polepole juu ya tuta la kushoto, akaanzia pale mrehani ulipokuwa, akamwaga kidogo kidogo kufuata mstari, midomo ikisogea. Alimwaga kwa heshima, kama mtu anayelaza mtoto. Mama Caroline alikuwa amempa mgongo. Alikwisha kuzoea kumwona akimwagilia alfajiri.

Bi Fakhriya alipogeuka kuingia ndani, mguu wa kushoto ulimkataa. Alishika ukuta. Ghada alitoka mbio akamshika kiunoni, akampeleka chumbani, akamkalisha kitandani. Ndipo alipoona mguu. Miezi miwili mama mkwe alikuwa anavaa soksi, akisema sakafu ina baridi. Sasa hakuwa na soksi. Chini ya kidole gumba palikuwa na kidonda upana wa sarafu ya shilingi mia mbili, cheusi pembeni, na harufu yake ilijaza chumba.

"Funga mlango," alisema Bi Fakhriya.

Ghada alifunga.

"Mwenye sukari haponi kidonda, najua. Mwalimu mmoja wa Ilala kanisomea chumvi. Kila alfajiri naloweka mguu. Panapungua."

"Mama, hapajapungua."

"Panapungua, nakwambia. Ukimwambia Mazin atanipeleka hospitali, na hospitali wataukata. Dada yangu walimkata kidole, wakamkata kisigino, wakamkata goti. Wakishaanza hawaachi. Alikufa amebaki kipande."

Ghada alipiga magoti sakafuni.

"Mama. Yale maji, kwa nini hukuyamwaga bafuni?"

"Maji yaliyosomewa aya? Chooni?" Bi Fakhriya alimtazama kana kwamba kasema jambo la mtoto. "Yanamwagwa mahali safi, pasipokanyagwa. Penye mti au mmea. Nilijua na ile bustani itapata baraka."

"Ndiyo yaliyoiua."

"Aya haziui mchicha."

"Siyo aya, mama. Ni chumvi. Ungemwaga maji ya bahari ingekuwa vilevile. Nimepima. Ukoko wake ninao, Beno kauonja."

Vidole vya Bi Fakhriya vilitafuta tasbihi ambayo haikuwepo.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema mwishowe.

"Na Mama Caroline anahama kwa ajili ya mchicha huo."

"Mimi nimetaka chumba changu. Kuna mtu kasema mchicha?" Lakini sauti haikuwa na nguvu, akaona mwenyewe, akaushika mkono wa Ghada. "Niapie hutamwambia mtu. Wiki mbili tu. Pakifunga nitasema mwenyewe, nitamwita, nitamwambia abaki. Niapie, mwanangu."

Miaka minne ya Ghada katika nyumba ile, mama mkwe hakuwahi kumwita mwanangu. Ghada aliapa.

*

Ijumaa alinyamaza. Mara mbili alitoka uani na neno mdomoni, mara mbili Mama Caroline alikuwa na simu sikioni akiulizia vyumba, na Ghada akarudi ndani kana kwamba amesahau kitu. Jioni alisikia kupitia ukutani kwamba chumba kimepatikana Magomeni, kodi ya miezi sita imelipwa, na Caroline atakuwa anapanda magari mawili kwenda shule.

Jumamosi saa nne kirikuu, gari dogo la mizigo, kilisimama nje ya geti. Dereva, Hashimu, alipakia kitanda na godoro, akalalamika kwamba njia ni nyembamba na trafiki watamkuta. Caroline alikwisha kutangulia na madaftari yake kwa shangazi. Ghada alibeba jiko la mkaa mpaka getini, akaliweka chini, na pale, mbele ya dereva, kiapo kikamtoka.

"Mama Caroline, haikuwa mbolea. Ni chumvi. Mama analoweka mguu kwa maji ya chumvi iliyosomewa, anamwaga pale kwa sababu hayamwagwi chooni. Ana kidonda. Alificha. Wewe hukufanya kitu."

Mama Caroline alikuwa anafunga sufuria kwa kamba. Alimaliza fundo.

"Umejua lini?"

"Alhamisi."

"Leo siku gani?"

Ghada aliliinua jiko akaliweka tena chini.

"Jana nimelipa kodi kwa simu," alisema Mama Caroline. "Jana saa kumi. Ulikuwa jikoni, niliona kivuli chako. Ungekohoa tu, Ghada. Sikutaka maneno mengi. Ungekohoa ningekuja kuuliza."

Kulikuwa na mlio nyuma yao, wa ndala inayoburutwa. Bi Fakhriya alikuwa amefika kwenye njia ya matofali, bila soksi, bila mtandio, akishika ukuta. Alimtazama Ghada, naye Ghada akatazama chini. Halafu yule bibi akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Akakaa juu ya kiroba cha nguo za Mama Caroline, akanyoosha mguu mbele yake.

"Angalia mwenyewe," alisema. "Usije ukadhani tumekutungia hadithi."

Mama Caroline hakusogea mwanzoni. Alikuwa na haki ya kutosogea, na wote walilijua hilo. Kisha akachuchumaa. Akabonyeza kidole gumba.

"Unasikia hapa?"

"Hapana."

"Na hapa, unyayoni?"

"Sisikii kitu."

"Tangu lini husikii?"

"Tangu Ramadhani."

Mama Caroline aliuachia mguu taratibu. "Baba yangu alitibiwa kwa majani ya porini miezi mitano. Tukamzika na mguu mmoja," alisema. "Leo wanaweza kuchukua kidole. Ukingoja mwezi mwingine watachukua mguu, na mwezi wa pili yake watakuchukua wewe. Unasikia Bi Fakhriya? Sikupambii."

"Nakusikia."

"Hashimu, fungua mlango wa mbele."

"Mama, tumeelewana Magomeni," alisema dereva. "Magomeni na vyombo. Hatukusema wagonjwa."

"Utapita hospitali kwanza. Magomeni tutafika."

Wakampandisha mbele. Ghada alimpigia Mazin, akamwambia kwa maneno manne wanakokwenda, akakata kabla hajauliza. Kisha yeye na Mama Caroline wakapakia jiko na vyombo vilivyobaki, wakapanda nyuma, mmoja upande huu wa godoro na mwingine upande ule.

Kirikuu kilitambaa mpaka kona ya mtaa, pale penye kijiwe cha kahawa, kikasimama kupisha mkokoteni. Mzee Idrisa na wenzake walikuwa kwenye benchi. Ghada aliona kioo cha mlango wa mbele kikiteremka, na mkono wa Bi Fakhriya ukatoka nje.

"Bi Fakhriya, safari?" aliuliza Mzee Idrisa, akiutazama mzigo.

"Idrisa, lile neno la mbolea nililokwambia. Lilikuwa uongo wangu."

Vikombe vikasimama hewani. Mtu wa pembeni akauliza, kama asiyeuliza, "Kumbe ni ya kuku?"

"Ni ya kuku. Na mchicha wangu niliuua mwenyewe, kwa mkono wangu huu. Mwambieni kila mliyemwambia. Mlikuwa hodari kulipeleka lile la kwanza."

Ghada alishika ukingo wa gari. Neno la kwanza halikuwa la mama. Alifungua mdomo alitoe, pale hadharani, lakini pikipiki mbili zilianza kupiga honi nyuma, na Mzee Idrisa alikwisha kuinuka, kofia mkononi, akikaribia nyuma ya kirikuu.

"Mama Caroline, tusameheane," alisema. "Jumatatu niwekee mbili, kama kawaida yetu."

Mama Caroline alimtazama kutoka juu ya godoro. Hakuwa na chuki usoni, ila uchovu.

"Jumatatu nitakuwa Magomeni, mzee."

Mkokoteni ulipita. Gari likajitupa mbele kwa nguvu na vyombo vyote vikayumba, na Ghada, ambaye alikuwa bado anatafuta la kusema, akasikia sauti ya mwenzake karibu naye, kavu, isiyomwangalia.

"Shika hilo jiko, linaanguka."

Akalishika kwa mikono miwili, masizi yakimpaka mpaka viwiko, na hakuliachia mpaka hospitali.